Amri Iliyomo Mwilini mwa Kiwavi

Mwezi wa Desemba, mvua zinapokuwa zimekwisha kushika vizuri katika nyanda za Mbozi na pembezoni mwa mji wa Tunduma, na mahindi yamefikia magoti ya mtu mzima, mkulima wa mkoa wa Songwe anayeijua kazi yake hupita shambani alfajiri akifunua moyo wa mhindi mmoja baada ya mwingine, huku akitafuta alama mbili: majani yaliyokwanguliwa hadi yakabaki vidirisha vyembamba vinavyopitisha mwanga, na kinyesi chenye rangi ya vumbi la msumeno kilicholowa umande. Akiziona hizo mbili, basi mwenyewe yumo. Atamkuta amejikunja ndani kabisa, kichwa chake kimechorwa mstari mweupe wa herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangika mraba. Huyo ndiye kiwavijeshi vamizi, ambaye wataalamu wa wadudu humwita Spodoptera frugiperda, mgeni kutoka Amerika aliyetambuliwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 katika nchi za magharibi. Kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa amekwisha ingia Zambia, na serikali ya huko ikalazimika kutumia jeshi lake la anga kusafirisha viuatilifu. Mwaka 2017 akathibitishwa Tanzania, na habari zake za awali zikatoka kwa jirani zetu wa Rukwa. Nondo wa aina hii aweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja, wala hasimami forodhani.

Juu ya hasara yake yamekwisha semwa mengi, na sina nia ya kuyarudia. Ninalotaka kulieleza leo ni jambo lililofichika ndani ya mwili wake, ambalo aghalabu halifiki katika semina za wakulima, ilhali ndilo linaloamua ni siku gani dawa itamwua na ni siku gani itakuwa fedha iliyomwagwa chini: namna homoni moja ya jamii ya steroidi inavyoziamuru seli zake zigawanyike, na namna homoni hiyo hiyo inavyoziamuru ziache.

Kiwavi ana taabu ambayo sisi wanadamu hatunayo. Ngozi yake ndiyo mifupa yake; ni gamba lililokauka juu ya mwili, na gamba hilo halitanuki sana, na la kichwani halitanuki hata kidogo. Kiwavijeshi anapototolewa, upana wa kichwa chake ni kama milimita 0.35 tu; atakapokuwa tayari kuingia ardhini kuwa pupa, kichwa hicho kitakuwa na upana wa milimita 2.6 hivi. Baina ya vipimo hivyo viwili hapana ukuaji wa polepole, bali pana hatua, kwani kila mara mwili unapokibana kichwa chake, hana budi kutengeneza kichwa kipya na ngozi mpya chini ya ile ya zamani, kisha aivue ya zamani na kuitupa. Hupitia marika sita kwa namna hiyo, kwa muda wa wiki mbili au tatu katika joto na zaidi ya hapo katika baridi ya milimani. Mwenye macho makali, akitafuta katika kile kinyesi cha moyo wa mhindi, huweza kuliokota fuvu tupu, jeusi, linalong'aa, dogo kuliko mbegu ya ulezi, lililoachwa na kiwavi aliyehamia ukubwa mwingine usiku uliopita.

Kujivua huko kungekuwa mauti kama seli zisingejua saa yake. Kabla ya gamba kuvuliwa, seli zilizo chini yake hujitenga nalo, hugawanyika ili zitoshe mwili mkubwa zaidi, kisha huacha kugawanyika na kuanza kufuma gamba jipya. Zikichelewa, mnyama atatoka uchi. Zikiendelea kugawanyika wakati wa kufuma, gamba halitafumwa. Sasa ni nani anayezipigia ngoma seli maelfu kwa maelfu, zikaanza pamoja na kuacha pamoja?

Jawabu ni ekidisoni. Steroidi ni aila kubwa ya kemikali ambayo hata mwili wa binadamu unaitegemea: homoni za uzazi za mwanamume na za mwanamke, na ile ya kukabili mashaka iitwayo kotisoli, zote ni za aila hiyo, na zote asili yake ni kolesteroli. Walakini mdudu, tofauti na sisi, hana uwezo wa kujitengenezea kolesteroli. Lazima aipate katika chakula, na kiwavi mla majani huchukua steroli za mmea akazigeuza tumboni mwake. Maana yake ni kwamba mhindi haumpi mharibifu wake shibe peke yake, bali humpa pia malighafi ya homoni ambayo bila yake asingepanda hata rika moja. Ubongo wa kiwavi, unapotambua kwamba mwili umetimia, hutuma ujumbe kwa tezi mbili zilizomo kifuani. Tezi hizo humwaga ekidisoni katika damu. Nayo hufika katika mafuta na viungo vingine, ambako huongezewa kitu kidogo ikawa kali zaidi, na ndiyo hiyo iliyoongezewa inayozifikia seli.

Maarifa haya hayakupatikana kwa siku moja. Stefan Kopeć, Mpolandi aliyefanya kazi yake wakati wa vita vya kwanza vya dunia na kuitangaza baina ya 1917 na 1922, alichukua viwavi wa nondo wa misituni na kuwafunga uzi katikati ya mwili. Akaona kwamba akiufunga mapema, nusu ya mbele yageuka pupa na ile ya nyuma yabaki kiwavi vilevile. Akiutoa ubongo kwa wakati wake, kiwavi hageuki asilani. Alikuwa wa kwanza kuonyesha kwamba ubongo wa mdudu hutoa kitu kinachosafiri katika damu, na wenzake wengi hawakumsadiki. Mjapani Soichi Fukuda alizitambua zile tezi za kifuani katika nondo wa hariri mwaka 1940. Kisha wakaja Adolf Butenandt na Peter Karlson huko Ujerumani, ambao mwaka 1954 walitangaza kwamba wameipata homoni yenyewe ikiwa safi, imeganda chembechembe: kwa pupa wa hariri wenye uzito wa kilo 500 walipata miligramu 25. Mtu akitazama magunia matano ya mahindi yaliyopangwa sokoni Tunduma, kila moja la kilo 100, na akakumbuka kwamba hazina yote iliyotoka humo ingeonekana kwa shida juu ya ukucha, atafahamu ni kwa kiasi kidogo namna gani mwili wa mdudu hutawaliwa.

Miaka sita baadaye, 1960, Karlson na Ulrich Clever waliidunga homoni hiyo katika viwavi wa usubi wa majini, ambao kromosomu zao ni kubwa kiasi cha kuonekana waziwazi kwa hadubini, na kabla ya saa moja kwisha wakaona mahali fulani pa kromosomu pakivimba. Uvimbe huo ulikuwa ni jeni zinazoamka. Hapo ndipo ilipodhihirika, kwa macho, kwamba steroidi haizungumzi na seli kwa mbali, bali yaingia hadi katika kiini na kuvishika vitabu vya urithi. Kipokezi chake kilipatikana mwaka 1991 katika maabara ya David Hogness huko Marekani, kutoka kwa nzi wa matunda. Ni protini ambayo hukaa juu ya uzi wa urithi, ikiambatana na protini mwenzi, na homoni ikifika hukaa katika tundu lake na jeni zikaanza kusomwa. Kwa miaka mingi wanafunzi walifundishwa kwamba homoni za namna hii hupenya ukuta wa seli bila ya kubisha hodi, kwa kuwa ni za asili ya mafuta. Mwaka 2018 watafiti wa nzi hao hao wakaonyesha kwamba upo mlango mahsusi, protini iliyomo ukutani, na kwamba seli iliyonyimwa mlango huo haiisikii homoni hata ikiwa imejaa tele katika damu.

Tuje sasa kwenye kugawanyika kwenyewe. Seli inayotaka kuwa mbili hupita katika vituo vinne: hukua, huinakili hazina yake ya urithi, hungoja kidogo huku ikijitayarisha, kisha hupasuka. Kituo cha tatu, cha kungoja, ndicho kinachotuhusu, maana ndipo ekidisoni inapopenda kuziweka seli za wadudu. Anayetaka kuielewa hali hiyo na aende Tunduma siku yoyote akautazame msururu wa malori yanayoelekea Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia: shehena imekwisha pakiwa na kufunikwa turubai, mafuta yamo, dereva yumo, makaratasi yametimia isipokuwa muhuri mmoja, nalo gari halikukosa kitu ila ruhusa. Seli iliyosimamishwa katika kituo hicho imekwisha beba nakala mbili za urithi wake, na muhuri inaoungoja ni protini mbili tatu tu, mojawapo ikiitwa saiklini B. Tumboni mwa nzi wa matunda ziko seli ambazo hukaa katika kungoja huko maisha yote ya ulava, hazigawanyiki hata mara moja. Homoni inapopanda mwanzoni mwa upupa, hufunguliwa zote pamoja na kugawanyika kwa haraka kubwa, kwa kuwa kazi ya kunakili zilikwisha imaliza zamani.

Hapa msomaji makini atauliza: yawezekanaje homoni moja ifunge na ifungue? Swali hilo liliwahangaisha wataalamu muda mrefu, na mimi naliona ndilo tamu kuliko yote katika habari hii. Majibu yaliyopatikana ni mawili, na yote mawili ni ya kweli. Kwanza ni kadiri. David Champlin na James Truman, waliokuwa Seattle, walichunguza seli zinazojenga sehemu ya ubongo ya kuonea katika nondo wa tumbaku, na mwaka 1998 wakaeleza kwamba homoni ikiwa chini ya kiwango fulani seli husimama katika kituo cha kungoja. Ikipanda hadi wastani, hugawanyika. Ikiondolewa, husimama tena. Ikirudishwa, huendelea, na mchezo huo waweza kurudiwa. Lakini ikipanda juu sana, basi amri hubadilika kabisa, uzazi wa seli hukomeshwa pasina kurudi, nyingi hufa, na zilizobaki hushika kazi zake za utu uzima. Pili ni hali ya seli yenyewe na wasaidizi iliyo nao. Frederik Nijhout na mwenziwe walionyesha mwaka 2002 kwamba visahani vya seli vinavyotengeneza mbawa za kipepeo, vikiwekwa katika chupa, havikui vizuri kwa ekidisoni peke yake, bali huhitaji pamoja nayo homoni nyingine ya ubongo, bombiksini, iliyo jamaa wa insulini ya binadamu. Maadamu insulini ndiyo inayopima shibe, jambo hilo lina hikima yake: mwili usizidishe seli za mbawa kama tumbo halikushiba. Kinyume chake, seli zilizotolewa kwa nondo anayeshambulia nafaka ghalani, yule anayefunga punje za mahindi kwa nyuzi zake, zikipewa homoni hupungukiwa na saiklini B na kuganda katika kituo kile kile cha kungoja. Amri ni moja, wanaoipokea hawafanani.

Na sasa niseme jambo ambalo wakulima wachache wa mpakani wamepata kulisikia. Huyu huyu kiwavi anayewalia mahindi ndiye aliyewapa wataalamu wa dunia nzima mojawapo ya seli zinazotumika sana maabarani. Mwaka 1977 James Vaughn na wenziwe, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Beltsville huko Marekani, walitangaza kwamba wamefaulu kuzifuga seli zilizotoka katika viungo vya uzazi vya pupa wa Spodoptera frugiperda. Na mwaka 1983 watafiti wengine wa Texas wakachagua ukoo mmoja miongoni mwa hizo, wakauita Sf9. Seli hizo hukaa katika chupa yenye joto la nyuzi 27 hivi, na kila baada ya siku moja huwa mara mbili, bila kungoja amri ya tezi yoyote, kwa sababu zimekwisha achana na mwili na kalenda yake. Hutumiwa kama karakana za protini: jeni hupandikizwa kwa virusi vinavyoua viwavi, nazo seli huitengeneza protini hiyo kwa wingi. Chanjo ya mafua iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, na baadaye ile ya UVIKO-19 ya kampuni ya Novavax, zilitengenezwa kwa seli za ukoo huu. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba dereva fulani aliyepita hapa na lori lake alidungwa mkononi kitu kilichotengenezwa na seli za mdudu yule yule aliyemlia shangazi yake mahindi huko Mbozi.

Walioyajua haya ya ekidisoni hawakukawia kuyageuza kuwa silaha. Katika miaka ya 1980 wanakemia wa kampuni ya Rohm and Haas ya Marekani waligundua vitu ambavyo si steroidi kabisa kwa umbo, lakini hukaa barabara katika tundu la kipokezi cha ekidisoni, na khasa kile cha jamii ya nondo na vipepeo. Kutokana navyo zikatoka dawa za tebufenozidi na methoksifenozidi. Kiwavi akila jani lililopakwa dawa hiyo, seli zake husikia amri ya kujivua kabla ya siku yake. Katika saa chache huacha kula. Gamba jipya huanza kufumwa vibaya, na kichwa cha zamani husogea mbele kidogo juu ya kile kipya, kikaning'inia. Ukimtazama kwa kioo cha kukuzia utaona fuvu limeteleza na kuziba mdomo. Lakini hatoki humo. Kwani katika mwendo wa tabia, ekidisoni hupanda kisha hushuka, na huko kushuka ndiko kunakofungua mlango wa kulitupa gamba. Nayo dawa hii, tofauti na homoni ya kweli, haivunjwi upesi na mwili, basi amri haishuki, na mnyama hufa amefungwa ndani ya ngozi zake mbili. Nyuki haumizwi sana nayo, kwa kuwa kipokezi chake hakilingani na cha nondo, na hili si jambo dogo kwa nchi yenye alizeti na kahawa.

Mimea ilikuwa imeitangulia kampuni hiyo. Wanafunzi wa historia ya sayansi Afrika Mashariki watamkumbuka Thomas Risley Odhiambo, Mkenya aliyezaliwa 1931, ambaye alisoma Cambridge kwa Vincent Wigglesworth, bingwa wa homoni za wadudu wa zama zake, kisha mwaka 1970 akaanzisha Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kijulikanacho kama ICIPE. Miongoni mwa wanakemia aliowavuta huko walikuwa Wajapani Koji Nakanishi na Isao Kubo. Kubo aliuchunguza mmea mchungu wa porini, Ajuga remota, ambao watu wa kwetu huchemsha kwa homa, na ambao wadudu huuepuka. Akakuta umejaa steroidi za jamii ya ekidisoni. Viwavi wa pamba waliolishwa dondoo yake walitengeneza kichwa juu ya kichwa, hata vikafika vitatu, wakafa kwa njaa huku chakula kiko mbele yao.

Mwarobaini hufanya vingine. Kiini chake, azadirakitini, kilichotolewa safi mwaka 1968, huvuruga kutolewa kwa ekidisoni, basi badala ya amri kuja kabla ya wakati, haiji au huja pungufu. Na fauka ya hayo, zile seli za Sf9 zikiwekewa kitu hicho katika chupa hushindwa kumaliza kugawanyika, jambo linaloonyesha kwamba huzipiga seli zenyewe pia, si tezi peke yake. Bahati mbaya kwa watu wa Tunduma na Vwawa, mwarobaini ni mti wa nchi za joto. Bonde la Ziwa Rukwa upande wa Momba laufaa kuliko baridi ya Mbozi.

Jambo ambalo silaha hizi zote zinalishiriki, za dukani na za porini, ni kwamba zafaa kwa kiwavi mdogo. Aliye katika rika la kwanza hadi la tatu bado ana vivuko vingi mbele yake, na kila kivuko ni saa ambayo amri yaweza kuharibiwa. Aidha yuko wazi juu ya jani, dawa yamfikia. Aliye katika rika la sita amebakiwa na safari moja tu, ya kuwa pupa, na sehemu kubwa ya chakula cha maisha yake yote huila katika marika mawili ya mwisho, akiwa ndani ya moyo wa mhindi ameziba mlango kwa kinyesi chake mwenyewe. Nimeona mara nyingi pampu ikibebwa shambani siku ambayo majani yamekwisha raruka kiasi cha kuonekana barabarani, yaani siku ambayo mharibifu anakaribia kushuka ardhini kwa hiari yake. Bwana shamba anayetaka kuwasaidia watu wake angewafundisha kupima upana wa kichwa kabla ya kuwafundisha kupima dawa: kikiwa chembamba kuliko milimita moja, bado pana nafasi. Na yule ambaye hana fedha ya dukani wala mwarobaini, akatumia utupa unaoota milimani kama wengi wafanyavyo, na ajue kwamba utupa hauna shughuli na homoni. Huzuia seli kutumia hewa, basi huua kwa njia yake, na hata hivyo mdogo ndiye anayezidiwa nao upesi.